Adabu ya Kuuliza

Ndugu msomaji, suala ninalotaka tulitazame pamoja laonekana dogo, tena la watu wa mitambo, nalo si dogo. Je, mtu akiuliza habari za mwenzake mahali ambapo hapana sikio la kulisikia swali wala uso wa kukunjamana, huwa amefanya tendo? Au swali la namna hiyo ni mithili ya wazo lililompitia mtu moyoni, ambalo mja hahisabiwi kwalo maadamu hakulisema wala hakulitenda?

Zamani suala hili lisingekuwa na maana, kwani hapakuwa na kuuliza pasipo muulizwa. Ukitaka habari ya mtu ulikwenda barazani, ukasalimu, ukakaa, ukanywa kahawa, ukamzungusha mwenzako kwa maneno mpaka ukafika kwenye lako. Leo mambo yamegeuka, nami niliyaona hayo kwa macho yangu mahali ambapo sikuyatazamia, napo ni Sumbawanga katika nchi ya Ufipa. Niseme mapema kwamba kisa nitakachokisimulia nimekigeuza hapa na pale ili asijulikane mtu. Sababu yake itafahamika mbele.

Dada yangu ana mwanawe anayefanya kazi huko. Mkewe alijifungua, nami nikatumwa kwenda kuwapa hongera na kumpelekea mzazi vitu vyake. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100: wafika Mbeya, kisha Tunduma kwenye mpaka wa Zambia, kisha waiacha njia kuu na kuelekea kaskazini-magharibi juu ya uwanda. Uwanda huo wa Ufipa umekaa baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari. Nilifika mwezi wa Juni. Mtu wa Tanga aliyezoea kulala na shuka moja, huko hulala na blanketi mbili na koti, na alfajiri akiyatia maji ya udhu mkononi hudhani ameshika wembe.

Watu wa kwetu ukiwatajia Sumbawanga kwanza hucheka, kisha hukuuliza kama utarudi kwa basi au kwa ungo. Mimi mwenyewe nimeucheka mzaha huo mara nyingi. Wenyeji wa huko husema kwamba jina la mji wao kwa Kifipa maana yake ni kutupa uchawi, yaani mgeni mwenye vitu vyake aambiwa avitupe kabla ya kuingia. Sisi tulilisikia jina, tukaliacha neno la kutupa, tukachukua lililobaki, kisha tukambandika kila atokaye huko. Nalitaja hili kwa sababu litarudi.

Kaka yangu mkubwa, aliposikia kwamba nakwenda Ufipa, aliniita pembeni. Binti yake alikuwa ameposwa na kijana wa huko huko, Muislamu, ambaye wazee wake asili yao ni Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika. Vijana walijuana chuoni. "Huko uendako," akaniambia, "niulizie. Mimi mwanangu simtoi kwa watu nisiowajua."

Hapana ubaya katika hili. Kuuliza habari za mposaji ni haki ya wazee wa binti, na wanavyuoni wamelitolea ruhusa. Fatima binti Qays alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka shauri, naye akamwambia aibu ya kila mmoja wao katika jambo la ndoa, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Imam Nawawi katika Riyadhu-Swalihin ameliweka shauri la ndoa miongoni mwa mambo sita ambayo kumtaja mtu kwa asilolipenda si kusengenya. Basi nilikwenda nikiwa na ruhusa ya kaka yangu, na ya sheria pia.

Siku ya pili, baada ya swala ya Alasiri, nilimkalia mzee mmoja muuza nafaka ambaye niliambiwa awajua watu wote. Tukazungumza bei ya mahindi, tukazungumza mvua. Nilipomtaja yule kijana, mzee alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Unamuulizia kwa jambo gani, ndugu yangu?"

Nikamwambia ni posa.

Hapo ndipo alipofungua kinywa. Akanieleza swala ya kijana, kazi yake, jinsi alivyolipa deni lililoachwa na marehemu baba yake bila ya kusukumwa na mtu. Kisha akanyamaza tena. Mimi, kwa tamaa ya mjumbe anayetaka kurudi na mzigo mzito, nikamchokoa: "Na nyumbani kwao?" Akanitazama, akasema, "Nyumbani kwao wana mlango. Mkienda mtakaribishwa." Akainuka kumpimia mteja ulezi.

Wakati ule niliona kwamba mzee amenifungia. Ilinichukua siku kadhaa kufahamu alilolifanya.

Usiku ule tulikaa mimi na mpwa wangu karibu na jiko la mkaa. Yeye kazi yake ni ya kompyuta, na siku zile alikuwa akimsaidia rafiki yake mmoja, mtu wa afya, kwa kazi ambayo hata mimi niliisifu. Rafiki huyo alitaka kujua watu wauliza nini hasa juu ya maradhi ambayo wengi huyadhania kuwa ni uchawi, na kifafa likiwa la kwanza. Kifafa hakiambukizi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hadi watu 70 katika 100 walio nacho wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangechunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini mwenye kuanguka hupelekwa kwanza kwa mganga wa kupiga ramli, na ndugu zake huona haya kwenda hospitali kuuliza. Pahala wanapouliza ni kwenye simu. Chini ya video za YouTube ambazo madaktari hueleza maradhi hayo kwa Kiswahili, watu huandika maswali wasiyothubutu kumwambia jirani. Mpwa wangu alikuwa akiyakusanya maswali hayo.

Yataka nieleze namna alivyoyakusanya, kwani ndani ya namna hiyo mna suala letu. YouTube ilianza mwaka 2005. Video yake ya kwanza, ya sekunde 19 tu, ilipandishwa tarehe 23 Aprili mwaka huo na Jawed Karim, mmoja wa waasisi wake watatu, akiwa amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego. Sisi tuitazamao twaingia kwa mlango wa mbele. Programu zina mlango wao wa pembeni, wa halali kabisa: mwenye kuomba hupewa ufunguo na posho yake ya maswali kwa siku, na kwa ufunguo huo programu yake huweza kuuliza jina la video, siku iliyopandishwa, imetazamwa mara ngapi, na maoni yaliyoandikwa chini yake pamoja na jina alilojipa kila mwandishi na namba ya akaunti yake. Mpwa wangu aliyachota hayo kwa video mia mbili na kitu, akayatia katika hifadhi yake mwenyewe.

Hifadhi hiyo ni majedwali. Mwaka 1970 Edgar Codd, Muingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, alionyesha kwamba habari nyingi zilizotatana zaweza kupangwa zote katika majedwali ya kawaida, mfano wa madaftari ya dukani, na madaftari hayo yakafungamana kwa namba. Daftari moja la video, la pili la maoni, la tatu la waandishi. Kila oni lina namba ya video na namba ya mwandishi, na kwa namba hizo waweza kutoka daftari hili ukaingia lile.

Lakini waandishi wa programu hawapendi kusema na madaftari. Lugha wanayoandikia ni ya vitu, si ya mistari na safu: kitu chenye sifa zake, kitu kinachomiliki vitu vyengine. Ndipo akawekwa mkalimani katikati, ambaye wenyewe humwita kwa herufi tatu, ORM. Mpwa wangu atumia wa Django, chombo kilichotokea katika ofisi ya gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, kikatolewa kwa watu wote mwaka 2005. Mkalimani huyu huuchukua mstari wa daftari akakuletea kama kitu kizima. Huandiki tena kwa lugha ya majedwali, "nipe mistari yote ya daftari la maoni ambayo namba yake ya mwandishi ni kadha." Waandika mtu, nukta, maoni. Nukta ile ndiyo "ya" yetu: maoni ya mtu. Na mtu huja na maoni yake yote mkononi, kama kwamba alikuwa amesimama nyuma ya mlango akingoja kuitwa.

Mpwa wangu aliniambia kwamba wepesi huu una hila yake. Mkalimani ni mvivu kwa tabia. Ukimwambia "watu wote" hakuletei chochote mpaka utazame, na ukitaka maoni ya kila mmoja wao, huenda hifadhini mara moja kwa watu, kisha tena mara moja kwa kila mtu. Wewe waona umeuliza swali moja, kumbe yeye amekwenda safari mia tatu, mfano wa mtoto anayetumwa dukani kununua chumvi, akirudi atumwa sukari, akirudi atumwa kibiriti. Programu ikawa nzito naye hajui kwa nini, mpaka alipohesabu safari. Nilicheka, lakini neno lile lilinikaa. Chombo kinachokuficha umbali baina yako na kitu unachokiuliza chakuficha pia umeuliza mara ngapi.

"Mjomba," akaniambia, "uliza lolote."

Ndugu msomaji, sikusitasita. Nilikuwa na jina la kijana, kwani alikuwa amempelekea binti yetu video alizopiga za asubuhi za Ufipa, ukungu umelala juu ya mashamba, na jina lake kamili limeandikwa chini. Nikamwambia mpwa wangu, "Mtazame huyu." Akaandika mstari mmoja, mfupi kuliko sentensi hii. Na kabla sijameza chai iliyokuwamo kinywani, yakatoka maoni matano ya jina lile, chini ya video tatu za kifafa, yote yameandikwa usiku wa manane. La kwanza liliuliza kama mwenye maradhi haya akitumia dawa aweza kuoa. Mengine sitayaandika.

Tulinyamaza. Mpwa wangu akaifunga laptopu taratibu, kama mtu afungaye mlango wa chumba alichokifungua kwa makosa, akamkuta mwenye chumba ndani.

Sasa turudi kwenye suala. Yuko atakayesema: kosa liko wapi? Aliyaandika mwenyewe, mbele ya ulimwengu. Hukuvunja kufuli wala hukulipa mpelelezi. Hoja hii ina nguvu, nami niliishika kwa siku mbili nzima, kwani ilinipa usingizi.

Lakini itazame kwa makini. Yale maneno matano yalikuwa wazi kila moja mahali pake, limezungukwa na maneno ya watu wengine wenye shida ile ile, mithili ya mtu anayelia msibani ambapo wote walia. Hayakuwa pamoja. Na ajabu ni hii: ule mlango wa programu wa YouTube haulijibu swali nililouliza. Waweza kuuomba maoni ya video fulani, au yanayohusu chaneli fulani. Huwezi kuuambia, nipe yote aliyoyaandika fulani duniani. Swali hilo halikuwako. Liliwezekana ndani ya hifadhi ya mpwa wangu tu, baada ya yeye kuyachota maoni, kuyatia katika madaftari na kuyafungamanisha. Kwa hiyo sikukiona kitu kilichokuwa wazi. Nilikiona kitu tulichokiunda sisi wawili, usiku, kando ya jiko la mkaa, kutokana na vipande vilivyokuwa wazi.

Jambo hili limewahi kuwafika wengine kabla yetu. Mwaka 1987, Marekani, Jaji Robert Bork alipoteuliwa na Rais Reagan kuingia Mahakama Kuu ya nchi ile, mwandishi mmoja alikwenda katika duka la kuazimisha kanda za video karibu na nyumbani kwa jaji, akapewa orodha ya filamu alizoazima yeye na watu wa nyumba yake, 146 kwa hesabu, na gazeti la Washington City Paper likaichapa. Hapakuwa na la aibu ndani yake. Na jaji mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanaoshikilia kwamba Katiba yao haikutaja haki ya jumla ya faragha. Hata hivyo Bunge lao, watu wa vyama vyote viwili, liliingiwa na baridi, kila mmoja akakumbuka kwamba na yeye ana kadi ya duka la kanda. Mwaka 1988 wakatunga sheria ya kumkataza mwenye duka kutoa orodha ya mteja.

Tena mwaka 2006 kampuni ya Netflix ilitoa hadharani alama zaidi ya milioni 100 ambazo wateja wake kiasi cha 480,000 walizipa filamu, ili wataalamu washindane kutengeneza njia bora ya kukisia mtu atapenda nini. Zawadi ilikuwa dola milioni moja. Majina waliyaondoa, wakaweka namba. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Texas, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, wakaonyesha kwamba ukijua filamu chache tu alizozitazama mtu na siku zenyewe kwa kukaribia, aghalabu waweza kumtoa miongoni mwa wote wale, kisha ukayajua mengine yote aliyoyatazama. Mama mmoja aliyejificha jina alishitaki mwaka 2009 kwa kuhofia siri ya nyumba yake, na mwaka 2010 shindano la pili lililokuwa limekusudiwa likafutwa. Nani katika hao alivunja kufuli? Hapana. Kilichofanyika ni kuunganisha tu.

Na sisi hapa Tanzania hatuko nje ya haya. Ibara ya 16 ya Katiba yetu imetaja haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka habari za afya ya mtu miongoni mwa zinazotaka hadhari zaidi. Lakini sikukusudia kuandika habari ya sheria. Mwenye kuchelea sheria peke yake atatafuta wakili wa kumwambia kwamba kando ya jiko la mkaa hapana mahakama.

Aya ya 12 ya Sura ya Al-Hujurat imekataza mambo matatu kwa kufuatana: dhana nyingi, kisha kupeleleza, kisha kusengenya. Nimeisoma aya hiyo tangu utotoni, na usiku ule nilipita hatua zake kwa utaratibu ule ule kama mtu anayeshuka ngazi. Kwanza niliingiwa na dhana pale yule mzee aliponyamaza. Kisha nikapeleleza. Iliyobaki ilikuwa ni kurudi Tanga na kufungua kinywa. Na yasimuliwa kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar, kwamba usiku mmoja alipanda ukuta wa nyumba aliyosikia humo sauti, akamkuta mwenye nyumba katika maasi. Yule mtu akamjibu kwamba yeye ameasi kwa moja na Amirul-Muuminina kwa matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlango, wala hakutoa salamu. Umar akatoka. Mimi sikumkuta mtu katika maasi. Nilimkuta katika hofu, na bado nilikuwa nimepanda ukuta.

Ndipo nilipomfahamu yule mzee muuza nafaka. Aliponiuliza ni kwa jambo gani, hakuwa akiniwekea kizuizi. Alikuwa akimlinda asiyekuwapo. Nilipomtajia posa alinipimia kwa kadiri ya posa, hakupunja wala hakuzidisha, kama anavyopima ulezi. Na nilipotaka zaidi ya haki yangu akanionyesha mlango wa kuingilia. Kila mwanadamu muungwana unayemuuliza habari za mwenzake hufanya kazi hiyo bila ya kuambiwa. Mashine haikuulizi kwa jambo gani. Humo hamna anayesimama upande wa asiyekuwapo, na asipokuwako mwengine wa kusimama, kazi hiyo yamwangukia muulizaji mwenyewe, ambaye ndiye mwenye haja. Nani kati yetu ni kadhi mzuri katika kesi yake?

Kuna na jambo la pili, ambalo mpwa wangu ndiye aliyeliona, si mimi. Siku ya tatu alinijia akaniambia, "Mjomba, nimekosea jina." Lile daftari la tatu, la waandishi, katika programu yake alilipa jina Mtu. Mkalimani hutii, ukimwambia kwamba mstari huu uitwe Mtu, basi kila mstari atakuletea kama mtu. Lakini YouTube haikumpa watu. Ilimpa akaunti. Akaunti ni simu, na simu katika nyumba za huko, kama ilivyo kwetu, aghalabu ni moja kwa watu wanne. Mama huishika, mdogo mtu huishika, jirani huiazima kwa dakika tano akapiga, akaandika. Maneno yale matano yaliandikwa na kidole, na kidole hicho hakikutiwa saini. Neno Mtu halikutoka hifadhini, lilitoka kwa mpwa wangu, siku moja alipokuwa na haraka.

Kosa hili si la kompyuta peke yake. Ndilo lile lile la sisi na jina la Sumbawanga. Tumeliweka neno juu ya daftari, na kila atokaye mlango ule twamwona ni lile neno.

Nilifanya nini? Yalinisonga mambo mawili. Kaka yangu aliniamini, na kumficha jambo ambalo lingemhusu mwanawe ni khiyana. Kijana naye hakuniamini kitu, nilichonacho nilikichukua. Kama maradhi ni yake na ameyanuia kuyaficha katika ndoa, binti yetu ana haki ya kujua. Kama si yake, nitakuwa nimembebesha mtu maradhi ya mwenzake na kuvunja posa kwa neno lililoandikwa na kidole nisichokijua. Nilifikiri kumrudia yule mzee. Nikaona nitakuwa naitia siri katika sikio la pili ili yangu yapumzike.

Mwisho nilikwenda kwao kijana. Nyumbani kwao kweli wana mlango. Nikabisha, nikakaribishwa, nikapewa uji wa ulezi. Tulipobaki wawili nikamwambia kila kitu: nani alinituma, nilimuuliza nani, na nilichokifanya usiku. Nilitaraji hasira. Alikaa kimya muda mrefu akiutazama mkeka, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mzee wangu, mimi nilikuwa hapa siku zote tatu. Kwa nini hukuniuliza?"

Sikuwa na jawabu. Ningemwambia nini? Kwamba yeye angeniona usoni, na mashine haikuniona?

Alichonijibu baadaye kuhusu maneno yale sitakiandika. Alisema yote yampasayo kusema kwa wakwe atayasema mwenyewe, mbele ya wazee wake na wetu, siku watakayokuja. Nikamwambia hiyo ni haki yake. Niliporudi Tanga nilimpa kaka yangu maneno ya yule mzee muuza nafaka kama nilivyoyapokea, nikamwambia kuwa kijana nimemwona na ana lake la kusema, tena litasikizwa kwake. Kaka alinitazama, akajua kuna kitu, akataka kunichokoa. Nikamuuliza, "Una haraka gani? Watu waja Rajabu." Walikuja. Walikaa na wazee tangu Adhuhuri hadi jua linazama, na yaliyosemwa yalisemwa na wenyewe.

Wengi niliowasimulia kisa hiki wameniuliza kama ndoa ilifungwa. Nawajibu kwa swali la yule mzee, na mpaka sasa hapana aliyenipa sababu.

Na mpwa wangu? Nilidhani ataitupa kazi ile yote, naye hakuitupa, na alifanya vyema. Masharti ya mlango ule yamtaka mwenye kuchota asikae na vitu vile zaidi ya siku 30 bila ya kuvichota upya au kuvifuta, na yeye kumbe alikuwa amekaa navyo miezi. Alifuta. Alipochota tena aliyaacha majina na namba za akaunti huko huko, akachukua maswali peke yake na tarehe zake. Lile daftari la tatu halipo tena. Ukiandika mtu, nukta, maoni, mkalimani hujibu kwamba hamjui mtu. Rafiki yake wa afya hakupungukiwa na chochote, kwani yeye tangu mwanzo hakutaka kujua nani anauliza. Alitaka kujua wauliza nini. Swali lililojirudia kuliko yote lilikuwa kama yafaa kula sahani moja na mwenye kifafa. Juzi mpwa wangu amenipigia simu kwamba mtu wa afya ameanza kupita misikitini na makanisani hapo mjini kulijibu, naye hula kwanza pamoja na watu, kisha ndipo huzungumza.